Mstari wa 258

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mama mmoja aliyeitwa mwizi ilhali hakuiba hata kilo moja. Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa upande wa Othaya. Kiwanda chenyewe sikitaji, wala chama cha ushirika kinachokimiliki, kwa sababu watu wa pale wanaishi pua na mdomo na lazima waendelee kuuziana maziwa na kuzikana. Kilichomponza kilikuwa kimejificha ndani ya programu iliyotengenezwa mbali, na watu wasiojua kwamba Othaya ipo. Kukitafuta kulikula msimu mzima wa mavuno, na nusura kunimalize nami. Lakini kilipatikana, na leo nakieleza chote, upande wa binadamu na upande wa mashine, maana nimechoka kusikia watu wakisema kwamba kompyuta haikosei.

Huku kwetu mavuno makuu ya kahawa huanza Oktoba na kumalizika karibu na Krismasi. Yale madogo huja kuanzia Aprili. Mwenye shamba dogo ana miti mia mbili au tatu, ile ya zamani ya SL28 na SL34 ambayo wazee hawakubali kuing'oa, na pengine mistari michache ya Ruiru 11 au ya Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010. Kahawa iliyoiva huchumwa na kufikishwa kiwandani siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala ndani ya gunia huchacha. Uani humwagwa juu ya turubai, mbichi na zilizokauka zikatolewa, ndipo mkulima akapanga foleni ya mizani. Akishapimiwa anapewa risiti. Kuanzia hapo hana kahawa tena, ana kilo zilizoandikwa tu, na pesa zake zitakuja miezi mingi baadaye kulingana na jumla ya kilo hizo. Ndiyo maana kwenye kiwanda cha kahawa hakuna kosa dogo la hesabu. Kilo zikipungua kwenye jumla, zimeondoka na karo ya mtoto.

Mimi ni mzaliwa wa Tetu, na nilisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pale kwenye barabara ya kwenda Mweiga. Chuo hicho kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi, kikapewa hati ya chuo kikuu mwaka 2012. Kina shamba lake la kahawa, na ndani ya eneo lake leo iko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na vifaa vya silikoni. Nakitaja kwa shukrani, kwa sababu ni pale nilipofundishwa kwanza kutazama ndani ya prosesa badala ya kuiamini tu.

Chama kiliponiomba mfumo wa mizani, niliunganisha mizani ya kielektroniki na kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye prosesa ya ARM, ukoo ule ule wa prosesa zilizomo kwenye simu zetu nyingi. Inakula stima kidogo, na stima ikipotea inaendelea na betri. Programu niliiandika kwa lugha ndogo ya programu huria yenye kompaila ya papo kwa papo. Maana yake ni kwamba mwanzoni kila amri husomwa na kufasiriwa moja moja. Kisha sehemu inayorudiwa sana ikionekana, kompaila huigeuza pale pale, programu ikiendelea kukimbia, kuwa amri za prosesa yenyewe. Ni mbinu inayotumika duniani kote. Injini ya V8, iliyokuja na kivinjari cha Chrome mwaka 2008, ndivyo inavyofanya kazi, na Java ilitangulia kufanya hivyo.

Mavuno madogo yalipita bila doa. Wakulima waliipenda risiti iliyochapishwa, na karani aliipenda kwa sababu hakuhitaji tena kukaa na taa hadi usiku akijumlisha.

Ilipofika Novemba chama kilichapisha taarifa za nusu msimu, ili kila mwanachama aone amefikisha kilo ngapi. Mama mmoja mzee wa mteremko wa juu, ambaye huchuma na mjukuu wake hadi jua linapokaribia kutua, alikuja ofisini na kopo la Kimbo. Ndani yake mlikuwa na risiti zake zote za msimu, zimekunjwa mara mbili na kupangwa kwa tarehe. Alizitandaza mezani moja moja, akizilainisha kwa kiganja kwa sababu karatasi ile hujikunja, na mjumbe wa kamati akazijumlisha kwa kikokotoo. Jumla ya risiti iliizidi ile ya taarifa, na si kwa kilo mbili tatu. Mama yule mzee akanigeukia.

"Msichana wetu," akasema, "hii mashine yako imekulia wapi kahawa yangu?"

Kufikia jioni foleni ya wenye makopo na mifuko ilikuwa imefika barabarani.

Kilicholifanya jambo liwe baya zaidi ni kwamba kurasa za kila siku zilikuwa sawa. Ukifungua ukurasa wa tarehe yoyote ulimkuta mama huyo na kilo zake kamili, kama risiti inavyosema. Ni jumla ya msimu tu iliyokataa kusonga siku hiyo, kana kwamba aliyeiandika aliliruka jina lake makusudi. Siku nyingine ilisonga vizuri, ikamruka jirani yake. Mtu yeyote mwenye akili angesema pana mkono wa mtu hapa, mtu anayeiba kwa zamu ili asijulikane. Na nywila ya mashine alikuwa nayo mtu mmoja.

Karani alikuwa amepima kahawa ya kiwanda hicho tangu enzi za vitabu vya karatasi ya kaboni. Alisimamishwa kazi kwa barua. Nilikutana naye langoni akitoka, ameshika mkoba na ile shuka aliyokuwa akijifunika asubuhi za baridi. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sijui mashine yako inafikiri nini. Najua nilipima, na nilichopima nilikiandika." Wanawe walikuwa shule ya bweni. Watu aliokuwa akisali nao Jumapili waliacha kumpa mkono.

Kamati iliniita. Nilichukua nakala ya data ya msimu wote nikaiendesha upya kwenye laptopu yangu mbele yao. Jumla zote zilitoka sahihi hadi kilo ya mwisho. Nikarudia, zikatoka sahihi tena. Niliziona nyuso zikilegea: programu ni safi, basi mkosaji ni binadamu. Mzee mwenyekiti akanisogezea karatasi iliyosema kwamba nimeukagua mfumo na sikuona hitilafu. Nilijua karatasi hiyo ingekwenda moja kwa moja kituo cha polisi.

"Mzee," nikamwambia, "laptopu hii si mashine iliyoko kiwandani. Siwezi kutia sahihi."

"Data si ni ile ile?"

"Data ni ile ile. Mashine siyo."

Hawakufurahi. Awamu ya mwisho ya malipo yangu ilizuiwa mpaka ukweli ujulikane, nami nikapigwa marufuku kuingia kiwandani.

Kuanzia hapo mambo yalinibana. Nilikuwa nimepanga nyumba King'ong'o, na nilikuwa nimewalipa mafundi wa nyaya kutoka mfukoni mwangu nikitegemea awamu ile. Kodi ikanipita. Nilikopa kwenye chama cha akina mama nilichomo, nikashindwa kurejesha kwa wakati, nikakaa kikaoni jina langu likisomwa pamoja na ya wadaiwa. Kwenye steji ya matatu za Othaya makanga walianza kuniita "wa mashine". Mjomba wangu, ambaye ni mwanachama, alinipigia simu usiku akaniuliza kama tumegawana na karani. Hilo lilinikata maini kuliko kodi ya nyumba. Nilipomweleza mama yangu, kwanza alisema nitie sahihi nichukue pesa zangu, maana mwanamke wa watu nitamwokoaje kwa njaa. Kisha akaniuliza huyo karani ni nani. Nikamtajia. Walikuwa wameimba kwaya moja wakiwa wasichana. Hakusema kitu, lakini asubuhi iliyofuata nilikuta amenitumia pesa za unga kwa M-Pesa, na ujumbe wa maneno machache: usitie.

Nilimtembelea karani nyumbani kwake. Alinipa chai, akaenda chumbani akarudi na daftari la shule. Tangu siku za kaboni alikuwa na desturi ya kuandika kila jioni, kwa kalamu, kilo zote zilizoingia kiwandani siku hiyo. Mashine ilipoletwa hakuiacha desturi hiyo. Tulikaa kwenye benchi nje tukalinganisha daftari lake na kurasa za kila siku, tarehe kwa tarehe. Zilikubaliana zote. Hakuna aliyekuwa amezigusa kurasa zile. Nilirudi King'ong'o nikijua kwamba tatizo liko katikati ya ukurasa na jumla, katika ile sehemu fupi ambapo namba hutoka huku kwenda kule.

Kurasa ndizo nilizokuwa nazo, basi nikaanza na kurasa. Nilizichapisha saibani mjini, nikakaa mezani na rula na penseli nyekundu. Kwa kila mkulima wa kila siku niliuliza kama jumla yake ilisonga au haikusonga. Isiyosonga niliitia alama.

Siku za kahawa chache hazikuwa na alama hata moja. Siku za kahawa nyingi, zile za Novemba ambapo foleni huzunguka uani hadi nje ya lango, zilikuwa na alama sehemu ya chini ya orodha tu. Waliofika mapema walikuwa salama kila siku. Alama zilianza kwa waliochelewa, watu wa mteremko wa juu wanaotembea mbali na mzigo, na zikishaanza ziliruka mstari mmoja mmoja: huyu salama, huyu amepotea, huyu salama, huyu amepotea, mpaka mwisho wa siku. Nikahesabu mistari kutoka juu. Alama ya kwanza ilikuwa mstari wa 258. Nikachukua siku nyingine. 258. Nikachukua nyingine tena. 258.

Niliinuka kitini. 256 ni namba inayopendwa na kompyuta, ni mbili nane zikizidishwa pamoja. Hakuna mwizi anayewapimia watu 256 kwa uaminifu, akamwacha na wa 257, kisha akaanza kuiba kwa kuruka mmoja mmoja, kila siku nzito ya msimu, bila kukosea hata mara moja. Isitoshe, maelezo ya lugha ile yalisema wazi kwamba kompaila hungoja mzunguko wa hesabu urudiwe mara 256 kabla ya kuugeuza. Ilikuwa usiku wa manane na nililia kwa sauti. Hitilafu yenyewe sikuwa nimeijua bado, lakini ushahidi wa karani nilikuwa nao kwenye karatasi.

Nilimpelekea mwenyekiti kurasa hizo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Alizipitia kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akarudia kuhesabu mwenyewe kutoka juu. Kisha akamwita mlinzi, akamwambia anifungulie nichukue mashine.

Nyumbani niliiwasha kwa data ya siku moja nzito. Jumla zikakosea, kuanzia 258. Nikaizima kompaila, nikaiacha lugha ifasiri amri moja moja: zikatoka sahihi. Nikaiwasha tena: zikakosea. Kwa kiwanda hilo lilitosha, na wiki hiyo hiyo kompaila ilizimwa kwenye mashine zote za chama. Kwangu halikutosha. Mtu ameitwa mwizi mbele ya watoto wake. Huwezi kumwambia kwamba tulibonyeza kitufe mambo yakanyooka. Anastahili kuelezwa ni nini hasa kilichochukua kilo, na kilizipeleka wapi.

Prosesa hufanyia hesabu zake kwenye nafasi chache sana zinazoitwa rejista. Chukua kwamba rejista ni meza ya karani na kumbukumbu ni kabati lililoko chumba cha pili: kazi hufanyika mezani, lakini meza haitoshi karatasi zote, kwa hiyo lazima mtu aamue ipi ibaki mezani na ipi ipelekwe kabatini. Anayeamua hivyo ndani ya kompaila ni mgawaji wa rejista. Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa kwa kuipaka grafu rangi, thamani mbili zinazohitajika wakati mmoja zisipewe rangi moja. Matokeo yake ni mazuri, ila njia yenyewe ni ya polepole, na kompaila ya papo kwa papo haina muda wa kufikiri sana kwa sababu programu inaingoja. Mwaka 1999 Massimiliano Poletto na Vivek Sarkar walichapisha njia nyepesi: unazipitia amri kutoka juu hadi chini, ukiangalia kila thamani inaanzia wapi na inatumika mara ya mwisho wapi, na unagawa rejista njiani. Lugha niliyotumia iliifuata njia hiyo.

Sasa, programu inapoiita programu nyingine ndogo, ni nani anayelinda vilivyomo kwenye rejista? Kuna mkataba. ARM ya biti 64 ina rejista 32 za desimali na vekta, kuanzia v0 hadi v31, kila moja ya biti 128. Mkataba unamtaka anayeitwa arudishe v8 hadi v15 kama alivyozikuta. Mgawaji wa lugha yangu aliujua mkataba huo na akautumia kwa busara: thamani yoyote itakayohitajika baada ya wito aliiweka v8 na kuendelea, ili asiipeleke kwenye kumbukumbu bure. Lakini mkataba hauishii hapo. Unasema kinacholindwa ni biti 64 za chini za kila moja ya rejista hizo. Nusu ya juu hailindwi na mtu.

Na kilo za wakulima zilikuwa zimekaa wawili wawili. Ili iende mbio, kompaila ilichukua mistari miwili kwa mpigo: kilo za mkulima wa 257 kwenye nusu ya chini ya v8, kilo za wa 258 kwenye nusu ya juu. Kisha ikaiita programu ndogo ya lugha ya C inayoandika ukurasa wa siku. Ukurasa uliandikwa sahihi, kwa kuwa kilo zilikuwa zimeshakabidhiwa. Programu hiyo nayo ilihitaji v8 kwa shughuli zake, ikaweka akiba zile biti 64 za chini kama mkataba unavyotaka, na ilipomaliza ikazirudisha. Kwenye ARM, ukiirudisha nusu ya chini peke yake, nusu ya juu hufutwa ikawa sufuri. Kilo za wa 257 zikarudi salama. Za wa 258 zikarudi sufuri, na zikajumlishwa kwenye msimu wake zikiwa sufuri.

Nililiona kwa macho. Niliipunguza programu mpaka ikabaki mistari michache, nikaiambia kompaila ichapishe amri ilizozitoa, nikaziweka kando ya amri za ile programu ya C. Upande wa kompaila paliandikwa q8, ndilo jina la rejista hiyo ikitumika nzima. Upande wa C, mlangoni kabisa, paliandikwa stp d8, d9: weka akiba nusu ya hii na nusu ya hii. Nikaisimamisha prosesa kabla tu ya wito nikaisoma rejista. 41.5 na 63. Nikaiacha iende na kurudi, nikasoma tena. 41.5 na 0. Kilo 63, mzigo ambao mtu aliubeba mgongoni kushuka mteremko, zilitoweka mbele yangu.

Na laptopu? Prosesa yake ni ya x86-64, nami naendesha Linux. Katika mkataba wa Linux kwa prosesa hizo hakuna hata rejista moja ya vekta inayolindwa na anayeitwa, kwa hiyo mgawaji alilazimika kuhamishia kila kitu kwenye kumbukumbu kabla ya wito. Ningeirudia hesabu kwenye laptopu mpaka nizeeke na isingekosea, na karani angefungwa kwa ushahidi huo.

Marekebisho ni mafupi. Mgawaji sasa huuliza upana wa thamani kabla ya kuiacha ivuke wito. Ikiwa ni ya biti 64, v8 hadi v15 ni mahali salama. Ikiwa ni ya biti 128, kila wito huhesabiwa kuwa unaharibu rejista zote za vekta, na thamani hupelekwa kwenye kumbukumbu kabla yake na kurejeshwa baadaye. Wengine walikwisha kupita njia hii. Kompaila ya GCC ina kanuni mahususi kwa rejista ambazo wito huziharibu sehemu tu, na ile ya .NET huitoa nusu ya juu peke yake, ikaihifadhi, ikairudisha, ufundi mzuri kuliko wangu. ARM wenyewe waliandika mkataba wa pili kwa kazi za vekta, ambamo v8 hadi v23 zinalindwa nzima. Kwa hiyo hitilafu hii inajulikana kwa wajenzi wa kompaila, na hilo ndilo linalonitia hofu: nani ajuaye iko kwenye mashine ngapi nyingine, ikingoja siku yenye foleni ndefu?

Niliyatuma marekebisho pamoja na jaribio linaloiita programu ya C iliyoandikwa kuichafua d8 makusudi, kisha kukagua kila mstari. Wanaoitunza lugha ile wako mabara mbalimbali na huifanya kazi hiyo kwa kujitolea, jioni, baada ya ajira zao. Walijibu upesi, wakauliza maswali magumu na ya haki, nami nikawajibu kwa intaneti ya simu stima ikipotea na kurudi. Hawakubishana. Nilipowaeleza kwamba kuna mama amesimamishwa kazi, yule aliyeandika mgawaji aliniomba nimfikishie pole yake mwenyewe, ana kwa ana. Nilimfikishia. Karani alisikiliza, akauliza huyo mtu anakaa nchi gani, akasema Mungu ambariki kwa kukubali.

Jumla zote tulizijenga upya kutoka kwenye kurasa za kila siku. Wenzangu mnaoweka mifumo ya namna hii Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, nawasihi: msiweke jumla bila kurasa zinazoizaa, na mjaribu kwenye mashine ile ile itakayobaki kiwandani, kwa mistari mingi kuliko siku yenu nzito kuliko zote.

Mkutano wa wanachama ulifanyika uani Januari. Kurasa zenye penseli nyekundu zilibandikwa ukutani. Nilianza kueleza, nikaona macho yanapotea, ndipo mwenyekiti akasimama na kufanya kile walimu wa hesabu hufanya. Aliwaita watu mbele akawapanga wawili wawili, akazunguka nyuma yao, na kila aliyekuwa upande wa kulia alimgusa bega akamwambia akae chini. "Hawa waliokaa," akasema, "ndio mashine ilikuwa inawasahau. Kesho yake inawasahau wengine." Uwanja mzima ukaelewa.

Yule mama mzee wa kopo la Kimbo akainua mkono. "Na karani mliyemfukuza," akauliza, "naye alisahauliwa na mashine?"

Mwenyekiti akavua kofia. Aliomba msamaha kwa jina la kamati, kwa sauti ya kusikika hadi lango, na karani aliitwa mbele na wakulima waliokuwa wamemtukana wakampa mkono mmoja mmoja. Mjomba wangu alikuwa kwenye foleni hiyo. Kutoka hapo alinijia na mimi.

Karani amerudi kwenye mizani. Awamu yangu nililipwa, nikalipa kodi na deni la chama cha akina mama. Limebaki jambo moja. Mshahara wa muda wote aliokaa nyumbani haujatolewa. Kamati inasema hesabu za mwaka ule zimekwisha kufungwa. Nimewaandikia barua, nikaambatisha kurasa zenye alama, nakala ya daftari lake, na zile amri za q8 na d8 nilizozichapisha. Kikao kijacho tunakwenda wote wawili, na mama yangu amesema atatusindikiza.